Baba Yetu, Mungu Wetu: Sarufi ya Sala na Maarifa juu ya Mungu katika Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuchunguza Ukristo kama maudhui: mafundisho, taasisi na athari zake kwa jamii. Makala haya yanaichunguza sala ya Kikristo kama umbo la lugha. Hoja kuu ni kwamba sala haimfafanui Mungu, bali humpa mwenye kusali mahali pa kusimama mbele yake, na kwamba mahali hapo panaonekana katika sarufi: katika upatanisho wa vimilikishi, katika hali tegemezi ya vitenzi, na katika mrundikano wa majina ulio kawaida ya litania. Hoja hiyo inapimwa kwa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ambamo neno moja la sala linagongana na maisha ya nyumbani.

1.0 Utangulizi

Katika Injili ya Luka, sura ya 11, mmoja wa wanafunzi anamwomba Yesu awafundishe kusali. Hamuulizi Mungu ni nani, wala yukoje. Jibu analopewa nalo si maelezo. Ni maneno ya kusema. Mapokeo ya Kikristo yaliyofuata yalilichukua jambo hili kwa uzito. Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4, alishikilia kwamba mwanateolojia ni yule asaliye kwa kweli. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alikiri kwamba akili ya mwanadamu huweza kusema zaidi vile Mungu asivyokuwa kuliko vile alivyo. Mikondo hii miwili inakutana katika swali moja: ikiwa Mungu hafafanuliki, mwenye kusali anapata maarifa gani?

Kiswahili chenyewe kinatoa mahali pa kuanzia. Kuna kujua jambo, na kuna kumjua mtu. Mtu aweza kujua mengi kuhusu jirani yake, jina lake, kazi yake na ukoo wake, na bado ikasemwa kwa haki kwamba hamjui. Kumjua kunadai kukutana, tena kukutana kwa mazoea; ndiyo maana watu waliozoeana husemwa wanajuana. Uhakiki wa riwaya na ushairi wa Kiswahili umeshughulikia zaidi kujua kwa aina ya kwanza. Dini huorodheshwa miongoni mwa dhamira, padri na mchungaji huhesabiwa miongoni mwa wahusika, na misheni hutazamwa pamoja na ukoloni. Mtazamo huo una msingi, kwa kuwa kanisa, shule na dola viliingia katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vikiwa vimeshikana mikono. Hata hivyo, ukikomea hapo unaacha nje kile ambacho waumini wenyewe hukifanya kila siku, nacho ni tendo la lugha.

2.0 Lugha iliyokwisha kusali

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na baadaye Askofu Edward Steere alipofanya kazi ya tafsiri akiwa Unguja, hawakukuta lugha iliyokuwa ikisubiri kufundishwa kumtaja Mungu. Walikuta lugha iliyokuwa imesali kwa karne nyingi ndani ya Uislamu. Msamiati wa ibada ya Kikristo unalithibitisha hilo: sala, dhambi, toba, rehema, baraka, imani, malaika, nabii, Injili, hata kanisa na msalaba, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Katika matumizi ya leo tahajia imetenganisha kilichokuwa kimoja: Mwislamu huswali swala, Mkristo husali sala.

Sambamba na msamiati huo limesimama neno la Kibantu, kuomba. Waprotestanti wengi hupendelea maombi pale Wakatoliki wanaposema sala, na tofauti hiyo haiishii katika uzoefu wa madhehebu. Sala inaelekea kutaja tendo lenye utaratibu, lenye saa na maneno yake. Kuomba kunataja uhitaji: ni kitenzi kilekile cha anayeomba maji, anayeomba kazi na anayeomba radhi. Katika mnyambuliko wake wa kutendea, kuombea, anaingia mtu wa tatu. Anayemwombea mgonjwa anasimama mbele ya mmoja kwa ajili ya mwingine, na kiambishi hicho kifupi kinabeba dhana nzima ya uombezi bila kuhitaji istilahi.

Umbo la kifasihi nalo lilirithiwa. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mkristo kutoka Ugogo, aliisimulia Injili katika Utenzi wa Enjili Takatifu kwa bahari iliyolelewa na washairi Waislamu wa pwani. Utenzi wa jadi huanza kwa kumtaja na kumwomba Mungu kabla ya kusimulia lolote. Utendi wa Mwana Kupona ni wasia wa mama kwa binti na papo hapo ni dua. Kwa hiyo, Mkristo aliyechukua bahari hiyo alichukua zaidi ya hesabu ya mizani. Alichukua desturi inayomtaka msimulizi amwite Mungu kwanza, ndipo amseme.

3.0 Kimilikishi cha uhusiano

Neno Mungu linaleta upatanisho wa ngeli ya A-WA: Mungu wetu, Mungu anasikia. Bwana pia ni wetu. Lakini sala ambayo Wakristo wa madhehebu yote huifahamu haianzi kwa Mungu wetu wala Bwana wetu. Inaanza kwa Baba yetu. Kitenzi kitakachofuata kitabaki katika A-WA, ila kimilikishi kimehamia ngeli ya I-ZI. Hivyo ndivyo Kiswahili sanifu kinavyowatendea mama yangu, dada yangu, ndugu yangu, rafiki yangu na jirani yangu.

Ni rahisi kuona hapa ushahidi wa upole: kwamba sarufi inamtoa Mungu katika kiti cha enzi na kumketisha jamvini pamoja na jamaa. Usomaji huo unavutia, lakini hautoshi, kwa sababu upatanisho uleule unatumika kwa adui yangu. Kinachounganisha baba, rafiki, jirani na adui si mapenzi. Ni kwamba nomino hizi zinamtaja mtu kwa uhusiano wake na mwingine. Hakuna aliye baba peke yake, kama vile hakuna aliye jirani au adui peke yake. Ng'ombe, ambaye jina lake nalo lina umbo la ngeli ya I-ZI, katika usanifu ni wangu. Anamilikiwa, na hata asipomilikiwa atabaki ng'ombe.

Kwa hiyo, kinachosemwa na Baba yetu ni kidogo na ni kizito. Kinasema kwamba anayeitwa anajulikana ndani ya uhusiano. Hakisemi uhusiano huo ni mwema au mkali. Mtu asiyejua lolote kuhusu baba ila viboko ataitamka sala hii bila kosa lolote la kisarufi. Umbo halimlindi dhidi ya yale anayoyaleta.

Kimilikishi hicho kina jambo la pili: ni cha wingi. Anayesali peke yake usiku, mlango ukiwa umefungwa, bado husema yetu na wala si yangu, na maombi yanayofuata yanabeba tu- ya watendwa wengi. Sala haimpi mtu njia ya kumpata Mungu awe wake pekee. Upande wa pili, anayeitwa hubaki katika nafsi ya pili umoja, kwa u- na -ko. Kifaransa cha Wakatoliki kiliisali sala hii kwa wingi wa heshima hadi mwaka 1966, tafsiri ya pamoja ya makanisa ilipoleta umoja. Kiswahili sanifu, ambacho heshima yake haikai katika nafsi ya kitenzi bali katika maamkizi na majina ya wito, hakikuwa na swali hilo la kuamua.

4.0 Hali tegemezi: amri iliyogeuka ombi

Katika Kigiriki cha Injili ya Mathayo, sura ya 6, maombi ya sala hii yako katika hali ya amri, isipokuwa lile la katazo kuhusu majaribu. Matatu ya kwanza yako katika amri ya nafsi ya tatu, umbo ambalo Kiswahili hakina. Mengine yako katika amri ya nafsi ya pili, umbo ambalo Kiswahili kinalo. Wafasiri wangeweza kulitumia. Hawakulitumia. Litukuzwe na utupe yote mawili yanaishia kwa -e ya hali tegemezi. Hata katika utusamehe, ambamo kitenzi cha asili ya Kiarabu hakibadili kiishio, kiambishi u- kinatosha kuonyesha kwamba hii si amri.

Uamuzi huo unaweza kuelezwa kwa adabu tu: mdogo hamwamrishi mkubwa. Matokeo yake, hata hivyo, yanavuka adabu. Hali tegemezi hutaja tendo ambalo bado halijawa na halimo mikononi mwa msemaji. Mwenye kusali anakariri, ombi baada ya ombi, kwamba anayezungumza naye yu huru. Hili ni fundisho kuhusu Mungu, lakini halikutolewa kama sentensi ya imani. Limetolewa kama zoezi la ulimi.

Litukuzwe linaongeza utata. Ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda. Jina litukuzwe na nani? Na malaika, na mataifa, na Mungu mwenyewe, au na huyu anayetamka? Sala haijibu. Msomaji wa kawaida wa matini angeweza kuuita huo upungufu wa taarifa. Msomaji wa sala hugundua, kadiri miaka inavyopita, kwamba nafasi ya mtenda imeachwa wazi na kwamba yeye yumo miongoni mwa wanaoweza kuijaza.

5.0 Litania, mfungo na ukimya

Ikiwa Baba yetu hushikilia wito mmoja, litania hufanya kinyume. Litania ya Bikira Maria iitwayo ya Loreto, iliyoidhinishwa na Papa Sixtus V mwaka 1587, hupanga majina moja baada ya jingine: kioo, kiti, mnara, nyumba, sanduku, mlango, nyota, waridi. Kiongozi hutaja, kusanyiko huitikia kwa ombi lilelile. Kitu kimoja hakiwezi kuwa mnara na mlango na nyota kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ilipo maana yake. Kila jina linasahihisha lililotangulia kabla halijapata nafasi ya kuganda. Njia hiyohiyo hutumika katika litania zinazomwelekea Kristo, na msikilizaji wa pwani ataikumbuka kutoka katika kuyataja majina mazuri ya Mwenyezi Mungu.

Mwisho wa wingi wa majina ni ukimya. Gregorio wa Nyssa, akitafakari maisha ya Musa, aliona kwamba safari ya nabii huyo ilianza katika mwanga wa kijiti kinachowaka na kuishia katika giza la mlima, na kwamba giza hilo lilikuwa maarifa makubwa zaidi, si madogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu liturujia, ulifungua mlango mpana kwa lugha za wenyeji na papo hapo ukaagiza ukimya mtakatifu uzingatiwe kwa nyakati zake. Mfungo nao una ukimya wake wa kisarufi: anayefunga Kwaresima hufunga tu, bila yambwa. Kitenzi kinachodai mlango au mzigo hapa kinaachwa kitupu, kama tumbo la mfungaji.

6.0 Rosa Mistika: neno la sala ndani ya nyumba

Kezilahabi alichukua jina la riwaya yake ya kwanza kutoka katika Litania ya Loreto, akaliacha katika Kilatini chake, na kumpa binti wa Ukerewe. Uhakiki mwingi umelisoma jina hilo kwa kejeli: waridi la fumbo, mfano wa ubikira, limebandikwa kwa msichana ambaye maisha yake yatavunjwa na suala hilohilo la ubikira. Kejeli hiyo ipo. Lakini jina la litania, kama ilivyoonyeshwa, halikukusudiwa kusimama peke yake. Rosa amepewa jina moja lililong'olewa katika mfululizo wake, na jamii inamtaka awe hilo tu. Hana mnara, mlango wala nyota ya kumsahihishia jina lake.

Zakaria, baba yake, mwalimu wa zamani aliyezama katika ulevi, anampiga kwa sababu ya barua ya Charles. Kipigo hicho kinamfundisha Rosa kuogopa wavulana, na baadaye, akiwa mbali na nyumbani, kinashindwa kumfundisha lolote jingine. Swali lililoachwa wazi na sarufi katika sehemu ya 3.0 linapata hapa mwili wake. Zakaria ni baba yangu kwa Rosa, kwa upatanisho sahihi kabisa. Kama maarifa juu ya Mungu yangetokana na neno hilo pekee, Mungu wa Rosa angekuwa Zakaria aliyekuzwa.

Riwaya haikubali hitimisho hilo. Baada ya vifo vyao, baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na kilicho muhimu kwa mjadala huu ni mpangilio wa nafsi katika onyesho hilo kuliko hukumu yake. Nyumbani, Rosa alikuwa nafsi ya pili ya amri za baba. Mbele ya Mungu, Zakaria anakuwa nafsi ya tatu: anasemwa. Huo ni muundo wa uombezi uliogeuzwa kuwa mashtaka, lakini nafasi ni zilezile tatu, anayesema, anayesikia na anayetajwa. Ili Rosa aweze kumshtaki baba kwa Mungu, lazima wawili hao wawe wametengana. Kezilahabi, ambaye kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa waandishi walioitilia shaka dini, anatumia umbo la sala kuonyesha kosa la dini iliyowachanganya.

7.0 Hitimisho

Sala za Kikristo katika Kiswahili hazimwambii mwenye kusali Mungu ni kitu gani. Zinamweka katika uhusiano bila kumhakikishia wema wake, zinamfundisha kuomba mahali ambapo angeweza kuamuru, zinampa majina mengi kisha zinamnyang'anya, na zinamwacha kimya. Maarifa yanayopatikana hivyo ni ya kumjua, na kama kujuana kokote yanaweza kupotoshwa. Rosa Mistika inaonyesha yanavyopotoka: wito mmoja unapotengwa na mazoea yaliyouzunguka, ukawa rungu mikononi mwa mwenye nguvu. Mhakiki anayekutana na sala ndani ya matini ya Kiswahili ana haki ya kuuliza inafundisha nini. Ataona mengi zaidi akianza kwa kuuliza nani anamwita nani, kwa kiambishi gani, na ni nani aliyeachwa nje ya sentensi.