Usalama wa Nani? Mjadala juu ya Istilahi Moja ya Uuguzi

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza istilahi iliyozaliwa katika shule za uuguzi za New Zealand, ambayo huwajia watafsiri kwa njia ya miongozo ya afya, ya ualimu na ya ustawi wa jamii. Tafsiri imjiayo mtu upesi ni "usalama wa kitamaduni". Hoja yetu ni kwamba tafsiri hii, ijapokuwa kila neno lake laweza kutetewa kwa kamusi, haisemi kile walichokusudia wenye istilahi. Na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa linamtoa nje ya maneno yule mtu ambaye istilahi ilibuniwa kwa ajili yake.

Yafaa tuanze na asili yake. Mwaka 1988, katika mkutano wa Wamaori juu ya elimu ya uuguzi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza kwa nini wakuu wa taaluma husema juu ya usalama wa kisheria, wa kimaadili na wa kitabibu, lakini hawasemi lolote juu ya utamaduni. Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu wa Kimaori, alilishika swali hilo akalikuza hata likawa nadharia kamili. Na mwaka 1992 Baraza la Uuguzi la nchi hiyo liliitia nadharia hiyo katika masharti ya mafunzo. Tasnifu yake ya udaktari juu ya jambo hilo ni ya mwaka 2002; alifariki mwaka uliofuata. Fundisho lake lilikuwa na makali mawili. La kwanza, muuguzi hatakiwi kukariri mila za mgonjwa kama anavyokariri majina ya dawa, bali anatakiwa auchunguze utamaduni wake mwenyewe na mamlaka aliyo nayo mbele ya mtu aliyelala kitandani. La pili, na hili ndilo zito, anayetoa hukumu kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa.

Wako wanaodhani kwamba hili ni suala la adabu tu. Mwezi Septemba 2008 Brian Sinclair, mtu wa taifa la Anishinaabe, alikaa saa 34 katika chumba cha kungojea cha hospitali kubwa ya Winnipeg, Kanada, akiwa na barua ya kliniki iliyomtuma huko. Alikufa katika kiti chake cha magurudumu bila kutibiwa. Baadhi ya wafanyakazi walidhani amelewa au hana pa kulala. Mwezi Septemba 2020, katika hospitali ya Joliette jimboni Quebec, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa watu wa Atikamekw, alirekodi kwa simu yake matusi ya wafanyakazi waliokuwa wakimhudumia. Alifariki siku hiyo hiyo, na ripoti ya mchunguzi wa vifo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia kifo chake. Tuangalie vizuri mifano hii. Hapana mwiko wowote wa Kianishinaabe uliovunjwa na waliompita Sinclair. Hata wangalijua ngoma zake zote na vyakula vyake vyote, wasingalimwokoa, kwa sababu walichokosa kukijua kilikuwa ndani yao wenyewe.

Sasa turudi katika lugha yetu. Tatizo la kwanza ni kihusishi "wa". Tusemapo "usalama wa raia", raia ndiye aliye salama. Tusemapo "usalama wa taifa", ni taifa. Kwa hiyo "usalama wa utamaduni" utaeleweka kuwa ni kuuhifadhi utamaduni usipotee, yaani kazi ya makumbusho. Atakayetia "ki-" ili kukwepa shimo hilo atatumbukia katika jingine, kwani "kitamaduni" katika mazoea yetu ya leo ni kile kilicho cha jadi: ngoma za kitamaduni, mavazi ya kitamaduni. Msomaji wa kawaida akiambiwa kwamba zahanati inatoa usalama wa kitamaduni ana haki ya kufikiri kwamba jengo limefanyiwa zindiko.

Je, tulitupe neno "usalama"? Tumeyapima mengine. "Himaya" lina harufu ya utawala wa kikoloni. "Hifadhi" lingefaa kwa sauti yake, lakini mtafsiri akumbuke linasikikaje masikioni mwa mfugaji wa Kimasai wa Ngorongoro, ambaye kwake hifadhi ni ardhi yenye mipaka na askari. Litakuwa jambo la ajabu kumwahidi mtu usalama kwa neno linalomkumbusha kuondoshwa.

Ushauri wetu ni kwamba mtafsiri aache kidogo Kiingereza, aende kwa Wamaori wenyewe. Wao huliita jambo hili "kawa whakaruruhau". "Kawa" ni taratibu za heshima, zile zinazofuatwa katika uwanja wa makutano. "Whakaruruhau" ni kukinga, kama mtu akingwavyo na upepo. Hapo Kiswahili hakina upungufu hata kidogo. Tunalo neno "stara". Tunamsitiri mgonjwa, tunamsitiri mgeni, tunamsitiri maiti. Na aliyesitiriwa ndiye ajuaye kama nguo ilimfikia miguuni. Kweli, stara imeelemea upande wa mavazi, hasa ya wanawake, na wengine watasema inakaribia mno kuficha. Hata hivyo twaona kwamba "huduma yenye stara" yafaa sana darasani na katika mazungumzo na wananchi, na kwamba katika nyaraka rasmi iandikwe "usalama wa mhudumiwa kiutamaduni". Ni refu, tunakubali. Lakini mhudumiwa yumo ndani yake.

Nani ni mhudumiwa huyo? Hapa liko tatizo la kumpa jina. "Wenyeji" ni wenye mji, na pia ni wanaompokea mgeni. "Wazawa" limekwisha kubebeshwa siasa za biashara na ajira. "Wenyeji asilia" ni afadhali, ingawa serikali kadha za Afrika zimeona taabu kukubali kwamba baadhi ya raia wao ni wa asili kuliko wengine. Azimio la Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao lilipopigiwa kura mwaka 2007, Kenya na Burundi hazikupiga upande wowote, na New Zealand na Kanada, ambazo leo zinasifiwa kwa mafunzo tunayoyajadili, zilipinga. Baadaye zilibadili msimamo.

Lakini kabla ya kuhangaikia jina la jumla, tuyatazame majina tuliyo nayo tayari. Wadatoga wameandikwa "Wamang'ati" katika mafaili ya serikali tangu enzi za ukoloni, nalo ni neno la Kimasai la kumwita adui. Waakie na Waokiek wameitwa "Wadorobo", yaani mafukara wasio na ng'ombe, na hilo pia limetoka kwa Wamasai. Kiswahili hakikuwauliza wenyewe. Kiliazima jicho la jirani yao. Na neno letu la kusifu mwenendo mwema, "ustaarabu", lina Uarabu katika shina lake, wakati wa kulaumu tunalo "ushenzi". Karani anayeandika "kabila: Mang'ati" katika kadi ya kliniki huenda hana chuki yoyote moyoni. Hilo ndilo jambo ambalo Ramsden angetaka akalifikirie.

Neno la kulifikiria hivyo nalo lina mjadala wake. "Tafakuri" ni zuri, lakini laweza kuishia katika utulivu. "Kujisahihisha" lina heshima katika maandishi ya Kiswahili tangu Mwalimu Nyerere alipoandika "Tujisahihishe" mwaka 1962. Ila anayejisahihisha amekwisha kulijua kosa. Sisi tunachagua "kujihoji", kwa kuwa anayehojiwa hajui ataulizwa nini.

Limebaki suala la mafunzo na mafundisho, ambayo katika miongozo huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, katika miito yake 94 ya mwaka 2015, ilitaka shule zote za utabibu na uuguzi ziwe na somo la lazima juu ya afya ya wenyeji asilia na historia ya shule za bweni walizopelekwa watoto wao. Hayo ni mafunzo: yana muhula na mtihani. Mzee Albert Marshall wa watu wa Mi'kmaq alipoeleza mwaka 2004 "Etuaptmumk", yaani kutazama kwa macho mawili, moja la maarifa ya wenyeji na moja la maarifa ya Magharibi, yakitumika pamoja, alikuwa akitoa mafundisho. Aliyeyapokea huyarudia maisha yake yote, kama yule aliyefundwa na kungwi, na mzee wa namna hii hafanywi na miaka bali hutambuliwa na jamii yake. Kwa bahati njema "mzee" wetu anabeba maana zote mbili bila kuongezewa herufi. Kwa hiyo katika orodha ya visawe tunayoipendekeza kitenzi "kuhitimu" hakimo: muuguzi aweza kuhitimu kozi, lakini sentensi isemayo kwamba amehitimu usalama wa wagonjwa wake imemnyang'anya mgonjwa hukumu iliyo yake.