Jioni iliyogeuzwa usiku: mwezi wa Ansel Adams

Kabla hujaendelea kusoma, chukua simu yako utafute picha inayoitwa Moonrise, Hernandez, New Mexico. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Chini kuna kijiji kidogo, kanisa, na makaburi yenye misalaba inayong'aa. Nyuma yake kuna milima yenye theluji na ukanda wa mawingu. Juu ya hapo, zaidi ya nusu ya picha, ni mbingu nyeusi tii, na mwezi peke yake. Iangalie taratibu, halafu ujibu swali moja tu: hapo ni saa ngapi?

Kila ninayemuuliza anajibu usiku. Wachache wanasema usiku wa mbalamwezi, maana misalaba inameremeta. Jibu ni saa kumi na dakika 49 jioni, tarehe 1 Novemba 1941, na jua lilikuwa bado halijazama.

Ansel Adams ndiye mpiga picha wa Kimarekani ambaye kila anayeanza kupiga filamu anaambiwa amsome, na hii ndiyo picha yake iliyochapwa kuliko zote. Alitengeneza nakala zaidi ya 1,300 kwa mkono wake, kwa karibu miaka arobaini. Mimi ni mmoja wa wanaoipenda. Ila nina ugomvi nayo, na ugomvi wenyewe ni wa kisayansi, kwa hiyo unafaa kuletwa hapa.

Tuanze na kifaa. Kamera ya inchi 8 kwa 10 si kitu cha kutoa mfukoni. Ni sanduku lenye mvukuto katikati, lenzi mbele na kioo cha ukungu nyuma. Unajifunika kitambaa cheusi, unaiona dunia imepinduka miguu juu, unalenga, unafunga lenzi, unachomeka kishikio chenye shiti moja ya filamu kila upande, unavuta kifuniko, ndipo unapiga. Picha moja. Kwa nini mtu ajitese hivyo? Sababu ya kwanza ni eneo. Shiti hiyo ni kubwa kama mara 60 ya kipande cha filamu ya kawaida ya milimita 35. Filamu ni chembe za chumvi za fedha (madini, si za kulipia daladala) zilizotawanywa kwenye jelatini, na ukubwa wa chembe haubadiliki kwa sababu kamera ni kubwa. Ukiwa na eneo mara 60, una chembe mara 60 za kuandikia mandhari ileile.

Hebu tupige hesabu kidogo. Adams alitumia kipande cha lenzi chenye fokasi ya inchi 23, yaani milimita 584 hivi. Mwezi una upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo juu ya filamu ulichukua takriban milimita 5. Alipiga kwa sekunde moja nzima. Dunia inazunguka, na ndani ya sekunde hiyo taswira ya mwezi ilisogea kama milimita 0.04. Tundu la lenzi alilibana hadi f/32, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika: kila nukta inakuwa doa la milimita 0.04 hivi. Namba mbili zimekutana! Kwenye filamu ndogo inayohitaji kukuzwa mara kumi, ukungu huo ungefika karibu nusu milimita, na jicho lingeuona. Kwenye shiti ya inchi 8 kwa 10 haikusumbui hata ukiisogelea.

Sababu ya pili ndiyo muhimu kwetu leo. Waliokuwa wakipeleka filamu studio kusafishwa wanakumbuka kwamba picha zote 36 zilioga dawa moja, kwa muda uleule, ya harusi na ya mbuzi sawasawa. Shiti inasafishwa peke yake. Unaweza kuipikia dawa yake kulingana na mwanga uliokuwepo siku ile.

Sasa kisa chenyewe. Adams alikuwa kwenye gari akirudi Santa Fe na mwanawe na rafiki yake, akaliona lile tukio, akasimama. Mita ya mwanga haikuonekana. Hapa ndipo hadithi inaponoga kwenye kila kitabu: bwana akakumbuka kwamba mwezi una mng'ao wa mishumaa 250 kwa futi ya mraba, akapiga hesabu kichwani, akapata picha. Nimeisikia mara nyingi ikisimuliwa kama karama. Kwa kweli ni hesabu ya darasani, na uzuri wake uko hapohapo. Mwezi ni jiwe lililomulikwa na jua, tena liko umbali uleule na jua kama sisi, ndiyo maana mng'ao wake unakaririka.

Adams na Fred Archer walikuwa wamebuni Mfumo wa Kanda, ambao kila kanda ina mwanga maradufu ya ile iliyo chini yake. Aliuweka mwezi kwenye Kanda ya VII, ung'ae lakini usipoteze sura yake. Kanda ya V, kijivu cha katikati, iko hatua mbili chini: 250 gawanya kwa 4, kama 60. Filamu ilikuwa ya ASA 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8, basi kanuni yake inatoa 1/60 ya sekunde kwa f/8. Filta ya njano nzito ilihitaji mwanga mara tatu, ikawa 1/20. Kutoka f/8 hadi f/32 ni mara 16. Unapata sekunde 0.8, sema moja. Basi. Alipogeuza kishikio apige shiti ya upande wa pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Negativu ni hiyo moja.

Hesabu hiyo iliuokoa mwezi, lakini kijiji kilibaki na njaa ya mwanga. Kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye nyumba na vichaka. Kwenye chumba cha giza Adams alitumia ujanja ninaoupenda kuliko yote kwenye kisa hiki. Alichukua dawa ya D-23 iliyozimuliwa, akaichovya filamu muda mfupi, akaihamishia kwenye maji matupu na kuiacha imetulia, akairudisha kwenye dawa, mara kumi. Jelatini inanyonya dawa kama sifongo. Ndani ya maji, sehemu zilizopata mwanga mwingi, kama mbingu na mwezi, zinaimaliza dawa yake haraka na kusimama. Sehemu za kivuli zina kazi ndogo, dawa yake haiishi, zinaendelea polepole kujijenga. Hakuna mkono unaochagua. Kemia yenyewe inamgawia mnyonge muda zaidi.

Bado ilikuwa ngumu kuchapa. Mwaka 1948 aliichukua negativu ileile, isiyo na pacha, akaitumbukiza sehemu ya chini kwenye dawa ya Kodak IN-5, inayoongeza fedha juu ya fedha. Fikiria ujasiri huo. Hapa elewa jambo moja: dawa hii haichori kitu kipya. Inaongeza kwa uwiano, pale penye fedha tayari. Pasipo na kitu panabaki hivyohivyo. Kijiji kilichoonekana vizuri zaidi baada ya 1948 ni kijiji ambacho mwanga wa 1941 ulikuwa umeshakiandika, kwa sauti ndogo.

Hadi hapo sina neno. Ugomvi wangu ni mbingu.

Nakala za mwanzo zina mbingu ya kijivu, yenye michirizi ya mawingu membamba. Kadiri miaka inavyokwenda, mbingu inazidi kuwa nyeusi, mpaka nakala za miaka ya 1970 zikawa na ule weusi unaoujua wewe. Si kazi ya lenzi. Filta ya njano ilipunguza samawati kidogo, kweli, lakini mbingu kwenye negativu si nyeusi. Weusi umetoka kwenye kuunguza: karatasi ya kuchapia iko chini ya mwanga, unakinga sehemu ya chini kwa kadibodi, unaiachia ya juu ipate mwanga zaidi, na zaidi tena. Ukizidisha, karatasi inafika kikomo cha weusi wake na mawingu yote yanazama humo.

Utasema, si hata 1948 alishughulikia nusu moja ya picha? Ndiyo. Na mimi sina shida na mkono kugusa sehemu. Tofauti ninayoiona ni hii: dawa ya 1948 ilikuza kilichoandikwa, kuunguza huku kulifuta kilichoandikwa. Mawingu yale yalikuwepo, filamu iliyakamata, na nakala maarufu inasema hayakuwepo.

Na yakishapotea, picha inaanza kujipinga. Rudi kwenye simu yako uitazame misalaba. Inang'aa upande unaotutazama sisi. Kamera inaelekea mashariki, maana mwezi unachomoza mbele yake. Mwezi uko nyuma ya misalaba. Kama ungekuwa ndio taa, tungeona migongo yake yenye giza. Kinachoimulika ni jua la magharibi, nyuma ya mgongo wa Adams, likikaribia kupotea mawinguni. Mbingu ya kijivu inakuambia hivyo bila maneno: ni jioni, mwanga wa mwisho unapita chini chini na kugusa makaburi kabla haujaondoka. Hicho ndicho kilichomfanya asimamishe gari. Mbingu nyeusi inaing'oa taa hiyo na kukuachia mbalamwezi ambayo kijiometri haiwezekani.

Mwezi nao unalalamika, ukiuangalia vizuri. Haujajaa, ubavu mmoja umepungua. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kwa hiyo mwezi uliokwisha kupanda juu ya milima wakati jua bado lipo ni lazima uwe wa siku kadhaa kabla ya kujaa. Huu ulikuwa wa siku mbili hivi kabla. Na hii ndiyo njia iliyotumika kuipata tarehe. Adams hakuwa mtu wa kuandika tarehe. Kwa nyakati tofauti aliipa picha hii miaka tofauti. Mwaka 1981 mwanaastronomia David Elmore alitumia nafasi ya mwezi kupata 31 Oktoba 1941, saa kumi na dakika tatu, na Adams akalichapisha jibu hilo. Alifariki mwaka 1984. Mwaka 1991 Dennis di Cicco wa jarida la Sky & Telescope alirudia hesabu, akaona mwezi haukai mahali pake kwa saa hiyo, akapata siku iliyofuata, saa kumi na dakika 49 na sekunde 20. Elmore akakubali. Yaani negativu ilikuwa inaijua saa muda wote, hata mwenyewe alipoisahau.

Najua jibu la watetezi: hii ni sanaa, si data. Adams alisomea piano, na alikuwa akiifananisha negativu na nota za muziki, nakala ikiwa ni onyesho. Nakubali kabisa. Sisi wa maabara tuna sheria kali zaidi: majarida mengi ya sayansi yanakuruhusu kuongeza mwanga wa picha ya hadubini yote nzima, lakini ukitia giza kona moja ili seli yako ionekane, na hukusema, utaulizwa maswali. Siwezi kumpima Adams kwa sheria hiyo, hasa kwa kuwa yeye alisema waziwazi alichofanya, akakiandika kitabuni mwaka 1983, dawa na hatua zake. Wasiosema ni wanaoitundika ukutani na kuandika chini yake jina na mwaka tu.

Lakini kama ni onyesho, basi tulihukumu kama onyesho. Mpiga piano anaruhusiwa kupunguza mwendo. Akiruka kurasa tunanung'unika. Nakala za mwisho zina nguvu, sibishi. Ule weusi unaufanya mwezi uonekane wa pekee duniani, na ukimya wake unakushika. Bei yake ni kwamba kijiji cha watu wanaomaliza siku kimegeuzwa kuwa jukwaa la mwezi. Mimi nachagua zile za mwanzo, zenye mawingu, ambazo ukiziangalia unaweza karibu kukisia mtu ndani ya nyumba ile ya kushoto akianza kutafuta taa.

Ukitaka kujiamulia mwenyewe, huhitaji kwenda New Mexico. Subiri siku ya 12 au 13 ya mwezi mwandamo. Kama uko pwani, simama ufukweni ukiutazama mashariki kama dakika kumi na tano kabla ya jua kuzama, jengo lolote jeupe au ngalawa ikiwa mbele yako. Mwezi utakuwa umeshapanda. Angalia rangi ya mbingu unaouzunguka, halafu angalia upande gani wa ngalawa unang'aa.