Leso na Washairi Wake

Anayesimama Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, haoni jumba la sanaa. Anaona leso. Imefungwa kiunoni mwa muuza matunda, imembeba mtoto mgongoni, imefunika kikapu kisiingie vumbi la malori. Kila moja ni chapa ya rangi yenye mstari wa maneno, na inastahili kutazamwa kwa heshima ileile wanayopewa mabingwa wa litografia.

Litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe, ilianza Ujerumani mwaka 1796, Alois Senefelder alipogundua kwamba wino wa mafuta hushika pale maji yanapokataa, juu ya jiwe la chokaa. Baadaye kila rangi ikapewa jiwe lake. Mwaka 1950 mchoraji Henri Matisse alitoa mashairi ya Charles d'Orléans, mshairi wa karne ya 15: aliyanakili kwa mkono wake, akayazungushia litografia za rangi, mayungiyungi yakijipanga ukurasa mzima. Neno na rangi vikakaa meza moja.

Leso ilikuwa imeshafika huko zamani.

Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza nguo tangu 1887, na leso zake za "Mali ya Abdulla" zinajulikana pwani na bara. Itandaze moja uitazame vizuri. Pindo linazunguka pande zote nne. Ndani yake upo mji, yaani sehemu ya katikati, na chini ya mji, ndani ya kisanduku chembamba, limeandikwa jina, yaani ule mstari wa maneno. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Rangi huchapwa moja baada ya nyingine, na ikihama hata kidogo, uzi mweupe hubaki kati ya ua na jani lake. Maneno ni machache, na ni lazima yatoshe kisanduku, yabebe fumbo, yamfae mama mkwe, jirani na mpenzi kwa wakati mmoja. Si kazi ndogo. Mtunzi wa tarbia ana mishororo minne katika kila ubeti. Wa leso ana mmoja tu.

Aliyelielewa hilo vizuri ni msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mtoto wa mama mbunifu wa nguo, na mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya sanaa ya Turner, mwaka 2017. Mwaka uliofuata, katika jumba la BALTIC mjini Gateshead, alitundika vitambaa alivyovipaka rangi kwa mpangilio wa kanga, jina jingine la leso, akatumia maneno ya waandishi kama Audre Lorde, James Baldwin, Essex Hemphill na Maud Sulter. Vilining'inia kwa kamba na kapi, na watazamaji wakaalikwa kuvipandisha na kuvishusha ili mistari ikutane upya na kuzaa mashairi mengine. Mwanamke anayechagua leso ya kuvaa harusini hufanya jambo hilohilo, ila yeye hutembea nalo.

Tofauti moja inauma. Waandishi wa Himid wanajulikana kwa majina. Kwenye ukingo wa leso husomeka alama ya mfanyabiashara na namba ya mchoro. Aliyetunga maneno hatajwi. Ukambani, pwani na kwingineko wapo washairi hodari walio hai. Wenye viwanda na maduka wawaagize mistari, wawalipe, kisha wachape jina la mtunzi pale pale ukingoni. Nafasi ipo.