Penseli ya Waya

Waya hupanga safari kuanzia mwisho. Hufungua daftari lake la kurasa 48 upande wa nyuma, akanoa penseli kwa wembe, akaandika chini kabisa ya ukurasa: "Jumanne, saa saba mchana, Luanda Kotieno." Hapo ndipo anapotaka tuwe, sote tisa, nyanya akiwa kivulini, tukiisubiri feri ya kurudi Mbita kabla upepo wa alasiri haujalichafua ziwa. Jumanne ikishakaa mahali pake, anapanda mstari mmoja. Ili tufike huko saa saba, tutoke Kisumu saa ngapi? Na ili tutoke saa hiyo, nani aoge kwanza? Akifika juu ya ukurasa ameshatuamsha sote Jumapili alfajiri, na hapo bado tuko Novemba.

Waya ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo. Huyu wangu anauza samaki Mbita, na kila mwisho wa mwaka hutupeleka Kisumu siku tatu. Kwa miaka mingi nilidhani tunaenda tu, kama maji yanavyokwenda. Safari ya Desemba 2025 ndiyo ya kwanza niliyoketi kando yake nikautazama mkono wake.

Yeye ni Msabato, kama walivyo wengi upande wetu tangu wamishonari wa Kisabato walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Jumamosi hasafiri, hanunui, hagusi hesabu za nauli. Mtu mwingine angeona siku imepotea. Waya anaiegemea kama ukuta. Krismasi ilikuwa Alhamisi, Sabato tarehe 27, basi safari ni Jumapili tarehe 28. Na Jumapili ndiyo siku ambayo soko la Kibuye hufurika. Viatu vya shule vinunuliwe siku hiyo hiyo, pesa zikiwa bado hazijavunjwa. Ukiviacha mpaka mwisho, asema, vitanywewa soda.

Kulala ni siku mbili, kwa binamu yake mtaani Nyalenda. Wahenga walishasema mgeni wa siku ya tatu apewe nini, na Waya jembe analo la kwake nyumbani. Mwaka mmoja tulijaribu nyumba ya wageni mjini. Chumba tulichokwisha kukilipia tulikikuta na mtu mwingine, viatu vyake vimepangwa mlangoni. Waya hakugomba sana. Alitoa penseli, akaikata nyumba ile kwa mstari mmoja, na haijarudi daftarini.

Lakini usidhani kwenda kwa binamu ni kwenda bure. Zawadi ilianza kutafutwa mapema, na hapa ndipo uchuuzi wake wa samaki ulipomsaidia. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazoelea majini zikiwavuta. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu, samaki wanaadimika na bei inapanda. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 4 Desemba, unaofuata ungekuwa 3 Januari. Giza liliangukia katikati, karibu na tarehe 20. Basi Waya alinunua omena wake siku hizo, akawaanika mwenyewe juu ya wavu. Aliwachambua kwa vidole viwili, kokoto huku, waliovunjika kule, na kila mara akiinua kiganja kunusa. Aliyekauka vizuri, alinionyesha, hupinda kidogo kisha hukatika kwa mlio. Debe moja likafungwa. Wenyeji wa mjini hawakosi omena sokoni, ila omena wa giza la mwezi, asiye na mchanga, huyo lazima aletwe na mtu.

Kuhusu gari nilimvulia kofia. Desemba nauli hupanda, hilo halina mjadala. Waya alimpigia dereva wa matatu anayefanya kazi upande wa Luanda Kotieno. Sisi tulikuwa tisa. Akatafuta majirani watano wanaokwenda Kisumu siku hiyo, gari la abiria 14 likajaa kabla halijafika gatini. Dereva aliyejaziwa gari bila kupiga kelele stendi hana sababu ya kupandisha nauli, wala ya kukataa kusimama nusu saa Kit Mikayi, kwa kuwa mawe yale yako njiani, kabla ya kufika Kisian na kuingia barabara ya Busia. Watoto wakapanda majabali, wakasikia habari za mke wa kwanza ambaye mawe hayo yamebeba jina lake. Kiingilio kilikuwa kimeandikwa. Hata cha majirani alikuwa amekiuliza.

Jumatatu ilikuwa ufukwe wa Dunga. Mjini zamani tulikuwa tukila samaki Lwang'ni, vile vibanda vya ufukweni vilivyoitwa kwa jina la nzi na bado vikajaa watu. Vilibomolewa bandari ilipokuwa ikikarabatiwa, na Waya hakupoteza machozi. Dunga alimchagua ngege kwanza, akamshika kichwa, akafungua shavu kuona wekundu, akaagiza, ndipo akatuongoza kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mafunjo. Samaki wa kukaangwa kisha akatiwa mchuzi anataka karibu saa nzima. Wengine walikuwa wamekaa mezani wakigongagonga vidole. Sisi tuliitumia saa ile kutazama ndege, tukarudi sahani zikitua.

Baada ya chakula, daftarini palikuwa peupe. Palikuwa na mistari minne mitupu, imezungushiwa duara ili mtu asiijaze. Nilikuwa nimeshauri tuingize jumba la makumbusho, lile lililofunguliwa 1980, lenye nyoka na boma la Kijaluo. Waya aliniangalia. "Watoto waone boma la Kijaluo Kisumu, na la nyanya yao waone wapi?" Akaizungushia mistari ile duara la pili.

Mistari hiyo minne ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nyanya alikaa kwenye kigoda akilitazama ziwa, akaanza kusimulia alivyokuja mjini mara ya kwanza kwa meli kutoka Homa Bay, enzi ambazo meli za shirika la reli zilikuwa zikipita bandari hizi ndogo, na jinsi alivyomshika mamaye kanga mpaka ikachanika. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwuliza. Watoto walimsogelea mmoja mmoja. Jua likaelekea kuzama, na hakuna aliyetaja saa.

Jumanne saa sita u nusu tulikuwa Luanda Kotieno. Ziwa lilikuwa bado limelala. Waya aliketi juu ya gunia, akafungua daftari, akafuta kitu, kisha penye ile mistari minne akaandika kwa herufi ndogo, ya mwaka ujao: "Nyanya, kiti chenye mgongo."