Malipo Yamefika

Dada huyu ninayemtazama akifanya kazi anaandika programu ya hesabu za chama cha kuweka na kukopa, kwa lugha ya Python. Mwanachama akilipa, sehemu ya risiti, ya daftari na ya ujumbe wa simu zinapaswa kupata habari bila mojawapo kuijua nyingine. Ametumia Blinker, maktaba ya kupeleka habari kwa njia ya ishara, ileile inayotumiwa na Flask, zana ya kuunda tovuti.

Njia ya kwanza ya kuunda ishara ni kuita signal na kuipa jina. Ukilitaja jina hilo tena kwenye faili jingine, unapewa ishara ileile. Ananionyesha kwa 'tuma-risiti', kisha kwa makusudi anaacha herufi moja: 'tuma-risti'. Programu hailalamiki. Imeunda ishara mpya kimyakimya, isiyo na msikilizaji hata mmoja, na risiti haitatoka.

Ipo pia Signal() isiyo na jina, inayofaa kukaa ndani ya klasi inayoitumia. Yeye anachagua Namespace, kundi la majina la programu hii peke yake. Anafungua faili moja la ishara zote, na mafaili mengine yatazichukua kutoka humo kwa import. Hapo atakayekosea herufi atajua mapema, kwa sababu programu itakataa kuwaka.

Jina ndilo linalomchukua muda. Anaandika tena 'tuma-risiti', analitazama, analifuta.

“Mbona umelifuta, dada?”

“Hiyo ni amri. Ishara inatoa habari ya jambo lililokwisha kutokea.”

Anaandika 'malipo-yamefika'. Ile -me- imebeba kazi yote, nami sijawahi kuona kiambishi kikipimwa kwa uangalifu hivyo. Chini yake anaongeza maelezo: mtumaji ni nani, na kiasi kitafika kwa sarafu gani.

Kisha anaunganisha wapokeaji, fanksheni moja kwa kila sehemu. Blinker huwashika kwa mkono mlegevu: fanksheni isiyoshikwa na kitu kingine hufutwa kwenye kumbukumbu, na muunganiko hukatika. Kwa hiyo anaziandika zote tatu juu kabisa kwenye mafaili yao, hata moja haifichwi ndani ya nyingine.

Anaita send kwa malipo ya majaribio. Inarudi orodha ya jozi, kila mpokeaji na jibu lake. Anazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Ziko tatu.