Alama za Kiwanda na Rangi ya Fundi

Mafundi wengi wa mitaani hubadilisha mkanda wa taimingi bila kutazama alama hata moja ya kiwanda. Huchukua rangi nyeupe, wakachora mstari kwenye mkanda wa zamani na kwenye puli, wakahesabu meno kutoka mstari hadi mstari, kisha wakahamishia hesabu hiyo kwenye mkanda mpya. Ni mbinu ya haraka, na mara nyingi gari linawaka na mteja anaondoka ameridhika. Kasoro yake ni kwamba inanakili. Fundi aliyetangulia akiwa amekosea jino moja, mkanda mpya unalirithi kosa lake na kutembea nalo kilomita 100,000 nyingine.

Kosa la aina hiyo nimeliona likifukuliwa uani, Tabata, jijini Dar es Salaam, kwenye RAV4 ya mwaka 1996. Mwenye gari aliamua kuifanya kazi mwenyewe, akisaidiwa na shemeji yake aliyewahi kufanya kazi gereji. Mimi nilikuwa mshika taa. Malalamiko hayakuwa makubwa. Gari linawaka vizuri asubuhi, barabara tambarare halina neno, ila mlimani ni zito na halivuti mpaka mizunguko ya injini ipande. Kabla ya hapo zilikwishalaumiwa plagi, waya za plagi na petroli.

Injini yenyewe ni 3S-FE ya lita 2, ileile iliyomo kwenye Noah za mwanzo, Ipsum na Corona Premio nyingi. Anayetaka kujifunza kazi hii nyumbani ningemshauri aanze na hiyo, maana mkanda wake ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Gari litazima njiani, utavutwa kwa kamba, na mambo yataishia hapo. Ujasiri huo usiuhamishie kwa ndugu yake 3S-FSE, ile ya D-4, wala kwenye dizeli kama 5L ya Hiace, 1KZ-TE ya Prado au 1HZ ya Land Cruiser. Dizeli hizo hukandamiza hewa zaidi ya mara 20, hivyo pistoni ikifika kileleni nafasi kati yake na valvu ni finyu mno. Mkanda ukikatika humo, valvu zinapinda na kichwa cha injini kinashuka. Ndiyo maana Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi za magari mengi ya namna hiyo, iwake kila kilomita 100,000, kama hakuna mjanja aliyekwishaichomoa balbu. Wenye IST na Vitz wao wasome kwa starehe tu. Injini zao zinatumia mnyororo.

Turudi kwenye jino moja. Kranki ikizunguka mara 2, kamshafti inatakiwa izunguke mara 1, kwa hiyo puli ya juu ina meno maradufu ya ile ya chini. Tuseme chini kuna meno 24 na juu 48: kosa la jino moja ni digrii 7.5 za kamshafti, sawa na digrii 15 za kranki. Kamshafti ikichelewa kiasi hicho, valvu ya kuingiza hewa inakawia kufunga, na pistoni inayopanda inairudisha sehemu ya hewa ilikotoka. Mizunguko ikiwa midogo silinda inabaki na njaa. Ikiwa mikubwa, hewa inaingia kwa kasi na hasara inapungua. Maelezo hayo yanalingana kabisa na gari linalokuwa zito mlimani kisha likachangamka baadaye, lakini kabla ya kufungua kava hakuna aliyeyawaza.

Kufungua kwenyewe kulikula muda mwingi kuliko kitu kingine. Uani kuna mchanga, na jeki juu ya mchanga inazama, kwa hiyo zilitandikwa mbao kwanza, na gari likakalishwa juu ya stendi. Likatolewa gurudumu la mbele kulia, kinga ya matope, mikanda ya nje, plagi zote nne ili kranki izunguke kwa mkono, kisha maundingi ya kulia ya injini, huku injini imeegemea jeki ya pili yenye kipande cha mbao chini ya sampu. Nguvu zote za siku hiyo zilikwenda kwenye bolti moja, ile ya puli ya kranki. Kiwanda kinaikaza kwa nyutonimita 108, lakini miaka na kutu vinaongeza chao. Wapo wanaoegesha mtalimbo kwenye fremu na kupiga stata ili injini ijifungue yenyewe. Inafanya kazi, na siku mtalimbo ukiponyoka utavunja kitu, pengine mkono wa mtu. Puli za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi kwa ajili hiyohiyo: unafunga humo kipande cha bapa la chuma, mmoja anazuia, mwingine anafungua. Mchomeleaji wa mtaani anakutengenezea bapa hilo kwa muda wa kunywa chai.

Mabishano yalianza kabla puli haijatoka. Kranki ilizungushwa kwa mwendo wa saa mpaka mkato wa puli ukasimama kwenye 0 ya kava la chini. Pistoni namba moja ikiwa kileleni, tundu dogo kwenye puli ya kamshafti linapaswa kuitazama alama ya kishikio cha kamshafti kilicho nyuma yake. Halikuitazama. Lilikuwa nyuma kwa jino zima. Shemeji mtu akasema, "Bwana, chora rangi hapohapo lilipo. Gari si lilikuwa linatembea?" Mwenye gari akakataa.

Kukataa tu hakutoshi, lazima ujue ni alama ipi inadanganya. Mkanda uliochoka unaweza kuachia alama kidogo, sehemu ndogo ya jino, na hilo si kosa. Halafu puli ya kranki ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa mpira, na mpira ukichoka duara la nje huteleza pamoja na mkato wake, likabaki linaonyesha 0 ya uongo. Kwa hiyo kijiti kirefu cha mwanzi kiliingizwa kwenye tundu la plagi namba moja, kranki ikasogezwa polepole mpaka kijiti kikaacha kupanda. Mkato ulikuwa kwenye 0. Chini palisema kweli, na jino lililokosewa lilikuwa la juu. Ni kipimo cha kienyeji ambacho kingeweza kufanywa kabla ya plagi mpya kununuliwa.

Kwa kuwa sehemu yote ilikuwa wazi, zilibadilishwa pia oili sili za kamshafti, kranki na pampu ya oili. Katika 3S-FE mkanda huo huo unazungusha pampu ya oili na wota pampu, na mafuta yakivuja juu yake mpira unalainika na meno yanang'oka kabla ya wakati. Wota pampu ilibadilishwa ingawa haikuwa inavuja, na nakubaliana na uamuzi huo: ikianza kuvuja mwakani, kazi yote hii inarudiwa.

Mkanda mpya nao una masharti yake. Ndani ya mpira kuna nyuzi za fibaglasi, ndizo zinazozuia usirefuke, na kioo hakipendi kukunjwa. Ukikutana na duka la spea linaloning'iniza mikanda iliyokunjwa na kufungwa kwa raba, nenda duka jingine. Mikanda ya namna hii si ya zamani sana kwenye magari. Glas 1004 ya Ujerumani ndiyo iliyoianzisha kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, mwaka 1962, na kabla ya hapo minyororo na gia ndizo zilikuwa zikifanya kazi hiyo.

Kuuvalisha ni suala la dakika chache. Unaanzia kranki, unauvuta upande usio na tenshena ubaki umekaza, unapanda hadi kamshafti, na ulegevu wote unauacha upande wa tenshena. Baada ya hapo ndipo ninapoona watu wakiharibu kazi nzuri. Tenshena ya 3S-FE ina springi, lakini si ya kujirekebisha maisha yake yote. Springi inapima mvuto mara moja tu, siku ya kufunga, kisha bolti inakazwa na kipimo kinagandishwa hapo. Kwa hiyo inatakiwa iachwe ipime yenyewe. Wengi huisukuma kwa mtalimbo ili mkanda "ukaze vizuri", wakarudi nyumbani na injini inayolia kama nyuki na beringi za wota pampu zinazokufa mapema.

Utaratibu wa kiwanda kwa injini za familia ya S ni wa ajabu kidogo, na sijawahi kumwona fundi wa barabarani akiufuata. Bolti ya tenshena inalegezwa nusu mzunguko. Kranki inazungushwa mizunguko 2 kamili kwa mwendo wa saa, alama zinakaguliwa. Kisha inazungushwa tena mzunguko 1 na sehemu 7 kati ya 8, mpaka mkato ufike alama ya digrii 45 kabla ya kilele, na hapo ndipo bolti inakazwa kwa nyutonimita 42. Ninavyoielewa mimi, kila kamshafti inapozunguka, springi za valvu mara zinaisukuma mbele, mara zinaizuia, na ulegevu wa mkanda unahama upande kwa upande. Kwenye digrii 45 unakuwa umekusanyika kwa tenshena. Wale wawili walipitiliza alama mara ya kwanza. Kurudi nyuma hakuruhusiwi, maana ulegevu unahamia upande mwingine, basi wakazunguka upya.

Injini iliwaka, ikatulia, kisha ilipokanyagwa ikaanza kugonga. Shemeji mtu alinitazama kama aliyeshinda kesi. Lakini RAV4 ya mwaka huo bado ina distribyuta, nayo inazungushwa na kamshafti. Kamshafti ilipochelewa jino moja, cheche zilichelewa pia, na kuna fundi wa zamani aliyeizungusha distribyuta kuziwahisha badala ya kutafuta sababu. Sasa kamshafti imerudi mahali pake, na cheche zimewahi kupita kiasi. Vituo vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi viliunganishwa kwa kipande cha waya, taa ya taimingi ikamulikwa kwenye puli, na mkato ukaonekana mbali na digrii 10 zinazotakiwa. Bolti za distribyuta zililegezwa, ikarudishwa taratibu mpaka mkato ukakaa kwenye 10, na kugonga kukaisha.