Ua Lenye Namba tu

Asubuhi ya Mei katika Bonde la Willamette, jimbo la Oregon nchini Marekani, mvua ya usiku imekatika na mzalishaji wa airisi ameshaingia shambani na daftari lake. Maua mazuri yamemzunguka kila upande. Yeye anaangalia mabua: yapi yamelazwa na mvua, yapi yamebaki wima.

Airisi yenye ndevu ina petali tatu zilizosimama na tatu zilizoshuka, na juu ya kila iliyoshuka kuna mstari wa vinyweleo, ndizo ndevu zenyewe. Chini kuna tunguu linalotambaa usoni mwa udongo, mithili ya tangawizi. Kuchanganya mbegu ni kazi ya dakika chache. Unachomoa stameni kwa kibano, unapaka chavua yake kwenye ukingo mwembamba wa stigma ya ua jingine, unafunga lebo yenye majina ya wazazi. Mtoto wa shule angefundishwa akaweza.

Kinachonifanya niwavulie kofia watu hawa ni miaka inayofuata. Mbegu huiva kiangazi, hupandwa kabla ya baridi, huota majira ya kuchipua, na ua la kwanza huonekana kwa kawaida mwaka wa tatu tangu siku ile ya kibano. Mbegu za tunda moja ni ndugu wasiofanana, kila mmoja na rangi yake na udhaifu wake. Wengi huishia kwenye rundo la mboji msimu huohuo. Wachache hupewa namba, tena namba tu, maana jina likishatoka ni vigumu kumtupa mwenye nalo.

Hapo ndipo uchunguzi unapoanza. Je, bua lina matumba saba au zaidi, au ni manne yanayokwisha kwa siku chache? Matawi yameachana, au maua yanabanana shingoni? Tunguu linaoza majira ya mvua? Na kuna hili ambalo mgeni wa bustani halioni kabisa: tunguu huchanua mara moja tu maishani, kisha kazi huachiwa machipukizi ya pembeni. Mmea ukichanua machipukizi yake yote kwa pamoja, mwaka huo hupendeza ajabu, na mwakani hakuna kitu. Mzalishaji mwenye pupa angeuuza mwaka ule wa kupendeza. Mzalishaji ninayemzungumzia huchuchumaa, husukuma majani kando, huhesabu machipukizi.

Baadhi ya wazalishaji huyatuma matunguu, bado na namba, kwenye bustani za majimbo mengine, kwenye baridi kali kuliko ya kwao na joto kali zaidi, yakae huko misimu kadhaa.

Hata yakifaulu, linabaki swali gumu kuliko yote: ua hili lina nini ambacho wakulima wa bustani hawana tayari? Jumuiya ya Airisi ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1920, imeandikisha majina ya airisi makumi kwa makumi ya maelfu. Ua la zambarau lisilo na kosa, lakini linalofanana na la jirani, halina sababu ya kuuzwa. Kulikataa ua la namna hiyo, baada ya kulilea miaka minane, kwangu ndio ufundi wenyewe.

Ndiyo maana airisi iitwayo Dusky Challenger inanivutia. Ni zambarau ya giza, rangi iliyokuwa imejaa tele kwenye bustani. Familia ya Schreiner wa Salem waliitoa 1986 hata hivyo, na 1992 ikapata Medali ya Dykes, tuzo kubwa kuliko zote kwa airisi. Bila shaka waliona kwenye bua na kwenye ukubwa wa ua kitu ambacho rangi peke yake haisemi. Nyingine thamani yake huja kwa uzao. Snow Flurry, nyeupe ya Clara Rees wa California iliyotoka 1939, iliwarithisha wajukuu wengi mikunjo ya ukingo wa petali, na leo ni kwa hao inakumbukwa.

Jua limepanda bondeni. Mzalishaji amefika kwenye mche wa namba ambao amekuwa akiupitia mwaka wa nne sasa. Bua limesimama, matumba ni manane. Anapiga goti kwenye tope, anafunua majani, anahesabu machipukizi: mawili. Anaandika mawili, na pembeni yake, mwakani tena.